Habari za Watu wa Kesses na Jirani Zao Katika Kuitunza Afya ya Jamii



Kila mwaka taarifa hii huanza kwa hesabu: fedha zilizoingia, fedha zilizotoka, na salio. Azisomaye hesabu hizo kwa makini hakosi kuona kwamba michango yetu huelekea zaidi mahali pawili, yaani kulipa deni la hospitali na kumzika marehemu. Hatusemi kwamba ni vibaya, maana kusaidiana katika dhiki ndiyo sababu ya chama kuwapo. Lakini halmashauri imeona vema safari hii tuulize swali lililo nyuma ya hesabu: kabla ya mtu kufikishwa hospitali, na kabla ya jeneza kununuliwa, ni nani katika mtaa aliyekuwa na wajibu wa kuitunza afya yake? Ili kulijibu, tumeagizwa kuandika kwa kifupi habari za watu wa kwetu waliofanya kazi hiyo tangu zamani hadi leo. Habari nyingine ni za Kesses hasa, na nyingine ni za jirani zetu wa Mosoriot, Turbo na Eldoret, kwa kuwa maradhi hayajui mpaka wa kata wala wa kaunti.

Zamani za kokwet

Kabla ya serikali ya kikoloni, Wakalenjin wa nyanda hizi walikaa kwa ujirani ulioitwa kokwet. Wazee wa kokwet walikutana chini ya mti, wakaamua mambo ya malisho, ya mashamba, ya ugomvi, na ya msaada kwa aliyepatwa na shida. Hapakuwa na ofisi ya afya, lakini afya ilikuwa na wenyewe. Kujifungua kulikuwa kazi ya wakunga wakongwe, na wanaume walikaa mbali. Dawa za miti, ziitwazo kerichek, zilijulikana na watu maalumu waliofundishwa na wazazi wao mizizi ipi ichimbwe na gome lipi lichemshwe. Aliyekuwa mgonjwa hakuachwa peke yake. Ng'ombe wake walikamuliwa na jirani.

Tuchukue mfano mmoja ambao kila nyumba inaufahamu, yaani mursik. Kibuyu huoshwa, kikakaushwa, kisha kikasuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, ndipo maziwa yakatiwa yagande. Hivyo maziwa yalikaa siku nyingi bila kuoza, na watoto wakapata chakula hata ng'ombe walipopungukiwa. Hayo ni maarifa ya afya, yaliyotunzwa na kina mama na kurithishwa bila kitabu. Siku hizi wataalamu wanatuambia tuongeze jambo moja, nalo ni kuyachemsha maziwa kwanza kabla ya kuyatia kibuyuni, kwa kuwa kugandisha peke yake hakuui kwa hakika vijidudu vya bruselosisi vitokavyo kwa ng'ombe. Anayechemsha maziwa leo hamdharau bibi yake. Anaikamilisha kazi yake.

Wala hatusemi kwamba kila desturi ya kale ilikuwa njema. Kukeketa wasichana kulileta kutokwa damu na taabu wakati wa uzazi, na sheria ya mwaka 2011 imekataza jambo hilo katika Kenya nzima. Mila ni kama ghala: mwenye busara huchambua mbegu, akahifadhi zilizo nzima na kutupa zilizoliwa na wadudu.

Wakati wa walowezi

Mwaka 1905 upinzani wa Wanandi ulivunjwa baada ya Koitalel arap Samoei kuuawa. Mwaka 1908 Makaburu waliotoka Afrika Kusini wakiongozwa na van Rensburg walifika katika uwanda wa Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na maksai, na nchi ikakatwa kuwa mashamba yenye nambari. Mji uliomea kwenye shamba nambari 64 wazee wetu waliuita Sisibo. Tangu mwaka 1912 jina lake rasmi limekuwa Eldoret. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza hospitali ndogo ya Waafrika, yenye vitanda 60, ilianzishwa mjini humo. Hiyo ndiyo mbegu ya Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ya leo.

Katika habari za wakati huo liko jambo ambalo halitajwi mara nyingi. Wananchi waliokaa katika maeneo ya akiba, kama vile Nandi, walipata Mabaraza ya Wenyeji kuanzia mwaka 1925. Mabaraza hayo yalitoza kodi ndogo, nayo yaliweza kujenga zahanati na kuajiri wafunga vidonda. Lakini nchi ya Kesses ilikuwa ndani ya mashamba ya walowezi. Mwafrika wa huku aliitwa maskwota, akafungwa na mkataba wa kazi. Hakuwa na baraza la kumsemea wala sanduku la kumjengea zahanati. Akiugua, alitegemea dawa alizopewa shambani, au miguu yake hadi Eldoret, au mkunga na mganga wa kwao. Kwa sababu hiyo ujirani haukufa mashambani. Ulilazimika kubeba mzigo ambao kwingine ulianza kubebwa na mabaraza.

Katika mwaka huo huo wa 1925 ilifunguliwa huko Kabete shule iliyoitwa Jeanes. Ilifundisha walimu Waafrika pamoja na wake zao, ili warudi vijijini wakafundishe usafi wa nyumba, malezi ya watoto wachanga, uchimbaji wa vyoo na ukulima bora. Mafundisho yenyewe yalikuwa na kasoro za ukoloni, kwa kuwa aghalabu yalimwona Mwafrika kuwa mtu wa kurekebishwa tu. Hata hivyo ndani yake mlikuwa na wazo lililo sahihi: mwanakijiji humsikiza zaidi mtu anayekaa naye, ambaye choo chake kinaonekana na ambaye watoto wake wanajulikana kwa majina.

Baada ya Uhuru

Kenya ilipopata Uhuru tarehe 12 Desemba 1963, mashamba mengi ya walowezi yalianza kununuliwa na wananchi, mmoja mmoja, au kwa vyama na kampuni za kununua ardhi. Watu wa makabila mbalimbali wakawa majirani. Mwaka 1965 serikali iliondoa ada ya matibabu ya wagonjwa wasiolazwa, na katika nchi nzima wananchi wakaitika mwito wa Harambee kwa kujenga shule na zahanati. Walitoa mawe, mbao, kuku na nguvu zao. Lakini mara nyingi jengo lilikamilika kabla ya kupatikana muuguzi na dawa. Watu wakajifunza kwamba ukuta wa zahanati hauponyi mtu.

Mwezi wa Septemba mwaka 1978 mataifa ya ulimwengu yalikutana Alma-Ata, katika Kazakhstan ya Umoja wa Kisovieti wakati ule, yakatangaza kwamba wananchi wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kuendesha huduma za afya zao. Mwaka uliofuata, huko Saradidi katika Siaya, wanavijiji walianza mpango uliopata sifa mbali: walichagua wenyewe wahudumu wao wa afya, nao wakafunzwa kufundisha jirani zao na kuwapa dawa ya malaria karibu na nyumbani.

Kwetu Kesses mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1984, Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa katika ardhi iliyokuwa na miti ya miwati ya kampuni ya EATEC. Wanafunzi wa kwanza 83 walihamishwa kutoka idara ya misitu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Elimu ya udaktari nayo ilianza huko Eldoret, na wanafunzi wake wa kwanza waliingia mwaka 1990. Waalimu waliweka kanuni kwamba mwanafunzi wa udaktari asikae hospitalini tu, bali apelekwe katika vituo vya afya vya mashambani, akatembee vijijini, aone maji yanatoka wapi na choo kiko wapi. Hivyo msomi alikwenda kujifunza kwa mwanakijiji.

Lakini miaka hiyo hiyo maskini walipata pigo. Mwishoni mwa mwaka 1989 ada zilirudishwa katika hospitali za serikali. Zilisitishwa mwaka 1990, kisha zikarudi polepole. Wengi wakaanza kungoja nyumbani hadi ugonjwa uwe mkubwa, na desturi hiyo ya kungoja haijatutoka mpaka leo.

Jaribu la Ukimwi

Jaribu lililopima ujirani wetu kuliko yote lilikuwa Ukimwi. Mwezi wa Novemba mwaka 1999 Rais Moi alitangaza kwamba ugonjwa huo ni janga la taifa. Wodi za Eldoret zilijaa watu wasio na matumaini. Mwaka 2000 mwanafunzi mmoja wa udaktari alikuwa hoi katika wodi za hospitali ile ile aliyokuwa akijifunzia. Daktari Joe Mamlin wa Chuo Kikuu cha Indiana alimtafutia dawa, ambazo wakati huo zilikuwa ghali mno, naye akainuka. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yetu ya rufaa na chuo hicho cha Marekani walianzisha mpango wa AMPATH, na miongoni mwa kliniki za mwanzo ilikuwa ile ya Mosoriot, jirani zetu wa upande wa Nandi.

Dawa zilipopatikana, ilionekana upesi kwamba dawa peke yake haitoshi. Mgonjwa aliogopa kuonekana kliniki, nauli ilimshinda, na kazi ya shamba ilimfunga. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini atafichua vipi, kama aibu ya kijiji inauma kuliko ugonjwa? Ndipo yakafanyika mambo mawili yanayostahili kukumbukwa.

La kwanza lilifanyika kati ya mwaka 2006 na 2008 katika eneo la Kosirai, ambamo Mosoriot imo. Watu wenye virusi wenyewe, waliokuwa wamepata nguvu na waliosoma shule ya sekondari, walifunzwa kuwatembelea wagonjwa wenzao nyumbani kila mwezi, kila mmoja akiwa na kompyuta ndogo ya mkononi iliyomwongoza katika maswali. Mgonjwa aliyetembelewa alikwenda kliniki mara moja tu katika miezi mitatu. Watu 208 walishiriki. 96 walitembelewa na wenzao, na 112 waliendelea kwenda kliniki kama kawaida. Mwaka ulipokwisha, hali za afya za makundi hayo mawili hazikuonyesha tofauti ya maana, ila waliotembelewa walikuwa wamekwenda kliniki karibu nusu ya mara za wenzao. Maana yake ni kwamba mtu aliyedhaniwa kuwa mzigo kwa kijiji alikuwa amepunguza mzigo wa hospitali.

La pili lilianza mwaka 2007 katika eneo lilo hilo, likaenea Turbo na kwingineko: washauri walipita nyumba kwa nyumba wakiwapima watu virusi nyumbani mwao. Wengi walidhani milango itafungwa. Haikufungwa. Mshauri alipokuja kwa heshima, akakaa kitini, akaeleza kwa lugha ya nyumba ile, na akapita kila nyumba bila kuruka hata moja, aibu ilipungua, maana hakuna aliyenyoshewa kidole.

Na fujo za mwanzo wa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, zilipowatawanya watu wa Uasin Gishu, wengine wakiwa katika kambi, wagonjwa wengi walitengana na dawa zao. Watumishi wa mpango ule walitumia redio, simu na wajumbe wa mitaani kuwatafuta. Tunayataja haya kwa huzuni na kwa uangalifu, kwa kuwa majirani waliumizana. Lakini ni kweli pia kwamba katika siku hizo dawa ilimfikia mtu kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine aliyemjua na aliyejali kumtafuta.

Wahamasishaji wa leo

Mwaka 2006 Wizara ya Afya ilitoa mkakati wa afya ya jamii, ambao ulimhesabu mwanakijiji kuwa ngazi ya kwanza ya huduma, chini ya zahanati. Hapo mwanzo kila mhudumu wa kujitolea alikusudiwa kuangalia nyumba 20. Baadaye mpango ulirekebishwa, na mhudumu mmoja akapewa nyumba 100 hivi. Kwa miaka mingi watu hao, wengi wao wakiwa wanawake, walitembea bila mshahara. Tarehe 25 Septemba 2023 Rais Ruto aliwaaga katika bustani ya Uhuru, Nairobi, wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wakiwa na mikoba ya vifaa: mashine ya kupima shinikizo la damu, kipimo cha sukari, kipimajoto, mizani, na utepe wa kupima mkono wa mtoto ili kujua kama ana utapiamlo. Posho yao iliwekwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Sheria ya Afya ya Msingi ikawatambua rasmi. Hata hivyo sehemu nyingi za nchi zimesikika sauti zao zikisema kwamba posho hukawia.

Kazi yao ni hii: kumhimiza mama mjamzito aanze kliniki mapema, kuhakikisha mtoto amekamilisha chanjo, kukagua choo na maji ya kunywa, kumkumbusha mgonjwa wa kifua kikuu asiache dawa, na kuwaelekeza watu katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo bima yake ilichukua mahali pa ile ya zamani tarehe 1 Oktoba 2024.

Siku hizi adui mkubwa wa wazee wetu ni shinikizo la damu, ambalo halina kelele. Mtu hulima asubuhi, jioni akaanguka. Huko Kosirai na Turbo ulifanyika uchunguzi mwingine, uliotangazwa mwaka 2019, juu ya watu 1,460 waliokutwa na shinikizo la juu. Waliambiwa waende kliniki, lakini karibu nusu tu ndio waliofika. Kupima basi si kutibu, na kuambiwa si kwenda.

Uchunguzi uliofuata, uliotangazwa mwaka 2021, unatuhusu sana sisi wa vyama. Watu 2,890 wa magharibi ya Kenya wenye shinikizo la damu au kisukari waligawanywa katika makundi manne. Wengine walipata huduma ya kawaida. Wengine waliweka na kukopeshana fedha kwa vikundi. Wengine walionana na mganga kwa vikundi. Na wengine walifanya yote mawili pamoja. Baada ya mwaka, kile kipimo cha juu cha shinikizo kilishuka kwa 11.4 kwa waliopata huduma ya kawaida, na kwa 16.4 kwa waliounganisha akiba na matibabu katika kikundi kimoja. Wataalamu walitahadharisha kwamba tofauti hiyo haitoshi kuondoa shaka yote. Lakini yatupasa kuangalia njia yenyewe: wanakutana kwa siku moja, wanahesabu fedha, wanapimana, na asiyefika anaulizwa yuko wapi. Hiyo ni kokwet kwa sura mpya, na ni chama kama hiki chetu.

Neno letu kwa mkutano mkuu

Wazee waheshimiwa, habari hizi zote zaelekea mahali pamoja. Katika kila zama, palipofanikiwa ni pale mtu wa mtaa alipoaminiwa, akafunzwa, kisha akasaidiwa. Na palipoharibika ni pale alipoachiwa kazi bila msaada, au mgonjwa alipoachwa na aibu yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mhamasishaji mmoja mwenye nyumba 100, anayengoja posho, hawezi peke yake.

Kwa hiyo halmashauri inaleta mashauri matatu mbele ya mkutano mkuu. Kwanza, katika kila kikao cha chama mhamasishaji wa mtaa akaribishwe na mashine yake, na wazee wawe wa kwanza kukunja mikono ya shati, ili vijana wasione haya. Pili, sehemu ya michango itengwe kwa nauli ya mwanachama aliyepimwa akaambiwa aende kliniki, na mwanachama mwenzake amsindikize. Tatu, karani aandike ni nyumba zipi hazijajiandikisha katika bima ya afya, nazo zisaidiwe kabla ya ugonjwa kubisha hodi.

Yako maoni kwamba fedha za msiba zisiguswe, kwa kuwa msiba haukosi kuja. Maoni hayo yana uzito, nasi tunayaheshimu. Hakuna aliye tayari kuona mwanachama akizikwa kwa aibu. Lakini asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta tumeujenga mara nyingi. Tunaomba mkutano upime mashauri haya kwa utulivu, upige kura, na uamuzi wake uandikwe katika kitabu cha kumbukumbu, ili taarifa ya mwaka ujao ieleze pia ni wangapi tuliowafikisha kliniki wakiwa bado wanatembea kwa miguu yao.